Shajara ya mradi: pleya ya CD yenye tundu nane mgongoni

Siku ya 1

Pleya imefika. Ni chombo cha kubeba kwa mikono miwili, na uzito wake umeelemea upande mmoja kwa sababu transfoma zote mbili zimekaa kushoto. Kabla sijagusa bisibisi nimeigeuza nitazame mgongo, maana kwa pleya za daraja hili mgongo ndio unaokuambia mtengenezaji alikusudia nini.

Tundu ni nane. Mbili ni RCA za sauti ya analogi, kushoto na kulia. Mbili ni XLR (tundu za pini tatu) za analogi, nazo pia kushoto na kulia. Tatu ni za dijitali: RCA moja ya waya wa koaksi, Toslink moja ya mwanga yenye kifuniko kidogo cha kusukuma, na XLR moja iliyoandikwa AES/EBU. Ya nane ni BNC, imejitenga pembeni kabisa. Ni ya kuingizia saa, yaani mapigo yanayoongoza mwendo wa chipu, kutoka nje, na chini yake kuna swichi ndogo ya kusogeza.

Nimechomeka umeme. Kioo cha mbele kikawaka, droo ikatoka bila kukwama, nikaweka diski, ikarudi. Baada ya hapo kimya. Diski haikuzunguka hata robo, na kioo kikaandika kwamba hakuna diski. Muuzaji alikuwa ameshanionya kwamba lenzi imekufa, na bei alishaipunguza kwa ajili hiyo. Leo naishia hapa. Sitaki kuhukumu lenzi kabla sijaiona kwa macho yangu.

Siku ya 2

Kifuniko kimefunguka. Nimetazama kichwa cha leza kutoka pembeni, si kutoka juu, kwa sababu leza ya CD ina mawimbi ya nanomita 780 na jicho halioni sawasawa mwanga huo hata ukiwa mkali. Pleya nzima ikiwekewa diski, kitu cha kwanza utakachoona ni lenzi kupanda na kushuka mara mbili tatu ikitafuta mahali pa kulenga. Hii yangu haikutikisika. Lenzi iliyochoka huwa angalau inajaribu. Isiyojaribu kabisa ina maana haijapewa amri.

Nikaweka ncha ya oskiloskopu, kifaa kinachochora umbo la umeme, kwenye mguu wa saa wa chipu inayosoma diski. Mstari ulionyooka, hakuna mapigo. Hapo ndipo paliponishtua, kwani kristali yenyewe, sentimita chache pembeni, ilikuwa inapiga vizuri kabisa: megahezi 16.9344. Namba hiyo haikuokotwa. Ni 44,100 mara 384, yaani sampuli (vipimo vya sauti) zote za CD kwa sekunde moja zikizidishwa ili kila chipu ndani ya sanduku igawanye na kupata mapigo inayoyataka. Saa hiyo isipofika, hakuna kinachosomwa, hakuna kinachozunguka.

Nikafuata njia ya shaba kwenye bodi kutoka kwenye kristali. Inaingia kwenye chipu ndogo ya kuchagua, na mguu wa kuchagulia unakwenda moja kwa moja hadi kwenye swichi ile ya nyuma. Ilikuwa imesogezwa upande wa saa ya nje. Mwenye pleya wa zamani aliwahi kuitumia na saa ya nje, akachomoa waya, na swichi ikabaki hivyo hivyo. Nimeirudisha ndani. Lenzi ikapanda, ikashuka, diski ikazunguka, na kioo kikahesabu nyimbo 11.

Lenzi haijafa. Ilikuwa inasubiri saa.

Siku ya 3

Leo nimeangalia afya ya leza kwenye sehemu ya kupimia ishara ghafi. Inapokuwa nzuri, oskiloskopu huonyesha vialmasi vingi vimepangana, vyenye katikati iliyo wazi; mafundi huita mchoro wa jicho. Vishimo vya diski vina urefu wa aina tisa tu, kuanzia vipimo 3 hadi 11, na kipimo kimoja ni kama nanosekunde 231. Vialmasi vyangu vimefunguka vizuri na havitetemi. Nimesafisha lenzi kwa pamba na spiriti, nimepaka reli grisi kidogo, nimemaliza.

Siku ya 5

Nimeisikiliza kwa mara ya kwanza kwa utulivu. Nilianza na RCA: sauti ya mwimbaji imesimama katikati kabisa ya spika mbili, kila kitu mahali pake. Nikahamia XLR, nikijua sauti itaongezeka, kwa sababu RCA ya CD hutoa kama volti 2 na XLR ya kweli hutoa maradufu. Nikapunguza ampli ili zilingane. Mwimbaji akasogea kushoto. Si kwa mbali. Ni kama hatua moja ndogo.

Nikabadilishana nyaya za kushoto na kulia, lakini upande wa pleya tu. Mwimbaji akasogea kulia. Kwa hiyo waya hazina kosa, ampli haina kosa, spika hazina kosa. Toleo la XLR la kulia ndilo linalotoa sauti pungufu, huku RCA ya kulia ikiwa nzima. Hii inanipa hamu sana, kwa sababu inaniambia kwamba RCA na XLR hazinywi kutoka kwenye kisima kimoja.

Nieleze kwa nini ni jambo kubwa. Kuna pleya zenye XLR nyuma ambazo ndani yake hakuna balansi yoyote, yaani sauti kubebwa na pande mbili zilizo kinyume. Sauti inatengenezwa mara moja, inakwenda RCA, na kwa XLR kunawekwa opampu (chipu ya kukuza ishara) moja ya kupindua mwishoni ili kupata ule upande wa pili. Tundu ni lilelile, umbo ni lilelile, lakini saketi iliyo nyuma yake ni nyingine kabisa. Nimewahi kufungua nyingine ambayo pini ya 3 ilikuwa imeungwa ardhini, basi. Sasa nataka kujua hii yangu ni ya namna gani.

Siku ya 6

Nimempigia rafiki yangu mwenye uzoefu wa kutengeneza mikisa za studio. Nilianza kumsimulia volti za tundu la kulia, akanikata: "Fundi, umepima tundu kwa tundu au pini kwa pini?" Nilikuwa nimepima tundu kwa tundu. Nikarudi mezani.

Diski ya majaribio, kilohezi 1, sauti ya juu kabisa ambayo CD inaweza kubeba. Kwenye XLR pini ya 1 ni ardhi, ya 2 inabeba sauti kama ilivyo, ya 3 inabeba ileile ikiwa imepinduliwa. Kushoto: pini 2 kwa 1, volti 2.04. Pini 3 kwa 1, volti 2.04. Pini 2 kwa 3, volti 4.08. Safi.

Kulia: pini 2 kwa 1, volti 2.04. Pini 3 kwa 1, volti 1.27. Pini 2 kwa 3, volti 3.31.

Upungufu wa 3.31 dhidi ya 4.08 ni desibeli 1.8, kiasi kinachotosha kabisa kumsogeza mwimbaji. RCA haikuonyesha kosa kwa sababu inachukua upande wa pini ya 2 peke yake. Mgonjwa ni nusu moja tu kati ya nusu nne.

Siku ya 8

Siku mbili nimechora saketi ya upande wa analogi kwa mkono, nikifuata njia za bodi kwa mita na taa. Sasa naelewa nilichonunua, na nimefurahi kuliko nilivyotarajia.

Kuna chipu nne za PCM1704, vigeuzi vinavyogeuza namba za diski kuwa sauti, mbili kila upande. Hii ni chipu ya ngazi za rezista, inabeba biti 24 na inatoa chaneli moja tu, ndiyo maana zinahitajika nyingi. Mbele yake kuna kichujio cha dijitali, DF1704, ambacho hupokea sampuli 44,100 kwa sekunde na kuzifanya mara nane, yaani 352,800. Kazi hii watu huidharau. Sauti ya kilohezi 20 iliyorekodiwa kwa kilohezi 44.1 huacha kivuli chake kwenye kilohezi 24.1, karibu mno na yenyewe. Ukitaka kukikata kwa kapasita na koili peke yake unalazimika kujenga kichujio kikali kama ukuta. Ukishazidisha mara nane, kivuli kinachobaki kinaanzia kilohezi 332.8, na kichujio chepesi cha analogi kinakimudu bila kugusa sauti.

Kilichonifurahisha zaidi ni hiki. PCM1704 ina mguu wa kuamua kama data isomwe ilivyo au ipinduliwe. Nilipima mguu huo kwenye chipu zote nne. Katika kila jozi, mmoja umeshushwa ardhini na mwenzake umeachwa juu. Kwa hiyo upinduzi unafanyika ndani ya kigeuzi, kabla sauti haijazaliwa. Nusu mbili za kila chaneli zina njia zake tangu kwenye namba hadi kwenye pini. Hakuna opampu ya kupindua popote. Hii ni balansi ya kweli.

Faida yake inahesabika. Chipu mbili zikifanya kazi kinyume na mpokeaji akatoa moja kwenye nyingine, sauti huongezeka desibeli 6, lakini kelele za chipu mbili hazifanani, kwa hiyo huongezeka desibeli 3 tu. Faida ni desibeli 3. Na upotoshaji ambao chipu zote mbili hufanya kwa namna moja hujifuta zenyewe, mradi nusu mbili zilingane kwa nguvu.

Zangu hazilingani upande wa kulia. Kwa hiyo leo najua ninachotafuta: kipo kati ya mguu wa kutolea wa chipu ya nne na pini ya 3.

Siku ya 9

Nimekipata.

PCM1704 haitoi volti, inatoa mkondo: miliampea 1.2 juu na 1.2 chini. Opampu inayoifuata hupokea mkondo huo na kuugeuza volti kwa rezista moja ya mrejesho. Thamani ya rezista hiyo ndiyo huamua ukubwa wa sauti, moja kwa moja, hakuna maficho. Kwenye nusu tatu nzima nilikuta rezista ya milia nyekundu, njano, nyeusi, kahawia: omu 2,400. Piga hesabu: miliampea 1.2 mara 2,400 ni volti 2.88 kileleni, na kileleni 2.88 ni volti 2.04 kwa mita. Ndiyo namba ileile niliyoandika siku ya 6.

Kwenye nusu ya nne milia ilikuwa kahawia, kijani, nyeusi, kahawia. Omu 1,500. Miliampea 1.2 mara 1,500 ni volti 1.80 kileleni, na kwa mita ni 1.27. Nilikaa nikaziangalia hizo namba mbili zikikutana kwenye karatasi. Ni nadra kosa kujieleza kwa uwazi namna hii.

Rezista hiyo ni ya fundi aliyepita. Risasi yake ya kulehemu inang'aa kuliko ya jirani, na flaksi (dawa ya kulehemu) imebaki rangi ya kahawia kuzunguka mguu mmoja. Pleya haikutoka hivyo kiwandani.

Kuna jambo la pili ambalo kosa hilo lilikuwa linaficha. Sambamba na rezista ya mrejesho kuna kapasita ya nanofaradi 1, na vyote viwili pamoja ndivyo hatua ya kwanza ya kuchuja vivuli vya juu. Kwa omu 2,400 kinaanza kukata kwenye kilohezi 66. Kwa 1,500 kilikuwa kinaanza kwenye 106. Kwa hiyo nusu mbili za chaneli ya kulia zilikuwa na vichujio tofauti pia.

Sikubadilisha moja. Nimetoa zote nne, nikaweka za filamu ya chuma za omu 2,400 zisizopotoka kwa zaidi ya asilimia 0.1, nilizozipima na kuchagua nne zilizokaribiana zaidi. Risasi ya zamani nimeivuta yote kwa utepe wa shaba kabla ya kuweka mpya, maana hapa ni mahali pa mkondo mdogo na kiungo kibovu kinasikika.

Baada ya hapo: kulia pini 2 kwa 1, volti 2.04. Pini 3 kwa 1, volti 2.04. Pini 2 kwa 3, volti 4.08.

Nikapima pia omu za kutolea za kila pini, 100 kwa 100. Nalitaja hili kwa sababu watu wengi wanachanganya. Balansi inapokinga mvumo wa waya, kinachofanya kazi ni usawa wa omu wa pini mbili kuelekea ardhini, si usawa wa volti. Kwa hiyo hata wakati nusu ile ilikuwa pungufu, kinga dhidi ya mvumo ilikuwa imesimama. Kilichopotea ni ukubwa wa sauti na ule ufutaji wa upotoshaji.

Mwimbaji amerudi katikati.

Siku ya 11

Umeme. Transfoma moja inalisha mota, kioo na chipu za kusoma diski. Ya pili inalisha vigeuzi na opampu tu, ikiwa na koili tofauti za kushoto na kulia. Mpango mzuri. Kapasita mbili kubwa zilizo karibu na bamba la kupoza zimekauka: upande wa volti −15 ulikuwa na mawimbi ya milivolti 6 wakati upande wa +15 ulikuwa na 1. Nimeweka mpya za kustahimili nyuzi joto 105, nikazisogeza milimita chache kutoka kwenye joto. Sasa pande zote ni 1.

Siku ya 13

Matoleo ya dijitali. Nilianza na swali moja: je, yote matatu yanatoa namba zilezile? Nilirekodi wimbo mmoja kwenye kompyuta kupitia koaksi, kisha Toslink, kisha AES/EBU, nikapanga kila faili sambamba na nakala iliyosomwa moja kwa moja kutoka kwenye diski, nikatoa moja kwa nyingine sampuli kwa sampuli. Mara tatu jibu lilikuwa sifuri tupu. Ishara inachukuliwa kabla ya kichujio cha mara nane, na biti 16 zinatoka bila kuguswa.

Kwa hiyo anayebishana kwamba toleo moja lina data bora kuliko jingine katika pleya hii, hana hoja. Tofauti ni za umeme, nazo ni za kweli.

Koaksi: saketi yake ni geti ya volti 5, rezista ya omu 374, nyingine ya 91 kwenda ardhini, halafu transfoma ndogo. Bila mzigo nilipima volti 0.98 kilele kwa kilele, na nilipofunga kwa omu 75 ikashuka hadi 0.5, kama inavyotakiwa. Kingo za mapigo zilikuwa kali na safi. Nilipotoa mzigo wa 75 na kuweka waya mrefu tu, mwangwi ukaonekana wazi, kijipembe kidogo kinachokuja baada ya kila kingo. Waya huu hubeba biti 2,822,400 kwa sekunde, kwa kuwa kila sampuli ya stereo inasafiri ndani ya fremu ya biti 64 ingawa sauti ni 32 tu. Kwa kasi hiyo, waya wa kawaida wa RCA ulioazimwa kutoka kwenye ampli si mahali pake.

Toslink inakata ardhi kabisa, uzi wa plastiki tu na mwanga mwekundu. Kwenye mfumo wangu wenye kompyuta, mvumo mdogo niliokuwa nikiusikia kwa koaksi umetoweka kwa Toslink. AES/EBU ni omu 110 na nilipima volti 3.9 kilele kwa kilele, ndani ya kiwango cha 2 hadi 7. Nimeibandika utepe mwekundu. XLR zote tatu zinafanana kwa umbo, na sitaki mtu achomeke ya dijitali kwenye ampli.

Siku ya 15

BNC ya saa, ile iliyonisumbua siku ya 2. Inapokea mapigo ya kilohezi 44.1, na saketi ya ndani inayazidisha hadi 16.9344. Nimejaribu kwa saa ya studio iliyoazimwa: inashika mara moja, diski inasoma.

Lakini sitaitumia na vigeuzi vya ndani, na nitaeleza. Sauti ya kilohezi 20 kwa nguvu zote, ikibadilishwa kwa biti 16, huharibika kwa nusu ya biti ndogo kabisa endapo pigo la saa litachelewa au kuwahi kwa pikosekunde 121 tu. Kristali ya ndani imekaa sentimita tatu kutoka kwenye chipu. Saa ya nje inapita waya, tundu, kisha mzidishaji ambaye naye ana mtikisiko wake. Kwangu saa bora ni iliyo karibu na kigeuzi. Pale ambapo kigeuzi kiko nje ya pleya, mambo yanageuka: acha kigeuzi kiwe bwana wa saa, kipelekee pleya mapigo kwa BNC, na pleya iende kwa mwendo wake. Hiyo ndiyo kazi halali ya tundu hili.

Swichi nimeipaka alama nyeupe upande wa ndani.

Siku ya 18

Jaribio la mwisho kabla ya kufunga kifuniko. Nina diski moja ya zamani iliyorekodiwa kwa kuongezwa sauti za juu, kama baadhi ya CD za mwanzo zilivyofanywa. Pleya inatakiwa kuzirudisha chini kwa kipimo cha mikrosekunde 50 na 15, na kibendera ndani ya diski huiambia ifanye hivyo. Nikaicheza kupitia XLR: matoazi yametulia, sauti imejaa.

Nikaicheza kupitia koaksi kwenda kwenye kigeuzi changu cha nje. Makali yakatoka kama kisu. Namba hutoka kama zilivyo kwenye diski, pamoja na kibendera chake, na kigeuzi changu cha nje hakikisomi, kwa hiyo sauti za juu zinabaki zimepandishwa, karibu desibeli 10 mwishoni kabisa. Nikafungua data za koaksi kwenye kompyuta kuhakikisha. Kibendera kipo, kimewekwa sawasawa. Pleya imefanya kazi yake.

Diski hiyo nimeiandikia kwa penseli kwenye karatasi ya jalada: XLR tu. Kifuniko nimekifunga, skrubu zote 12 zimerudi, na inacheza sasa ninavyoandika.